UZI: MySQL 5.7 kwenda 8.0, idadi ya rekodi iko sawa lakini kilo za samaki zimepungua

#1 MzaniMwaloni

Wakuu, salaam. Naweka tatizo lilivyo ili anayejua asibahatishe.

Mfumo ni wa kupokea samaki. Mizani za Kirumba na Kamanga zinaandika moja kwa moja kwenye hifadhidata iliyoko mjini Mwanza. Kituo cha Nansio kina seva yake ndogo, nacho kitafuata baadaye. Majedwali yenye uzito ni manne: `wavuvi`, `mapokezi` (kilo, daraja, muda), `bei` na `malipo`. Ukubwa wote ni GB 18. Seva ya zamani ni Ubuntu 18.04 yenye MySQL 5.7, mpya ni Ubuntu 22.04 yenye MySQL 8.0. Programu bado iko kwenye mashine ya zamani, PHP 7.2. Dampu (faili la nakala ya hifadhidata nzima) ilitolewa hivi:

`mysqldump -u root -p --databases samaki > samaki.sql`

Yaliyojitokeza:

1. Upakiaji ulikatika katikati: `ERROR 1231 (42000): Variable 'sql_mode' can't be set to the value of 'NO_AUTO_CREATE_USER'`. Ukarudiwa kwa `mysql -f`, ukafika mwisho.
2. PHP inagoma kuingia: `The server requested authentication method unknown to the client`.
3. Ripoti ya malipo inatoa `ERROR 1267 Illegal mix of collations`.
4. Majina yenye ng' yameharibika. Ng’wandu anasomeka Ngâ€™wandu.
5. `COUNT(*)` ya `mapokezi` ni ileile pande zote mbili, lakini ripoti ya kilo kwa siku haifanani. Siku nyingi imepungua, chache imezidi.

Namba 5 ndiyo inayotisha, maana wavuvi wanalipwa kwa ripoti hiyo. Seva ya zamani ipo na haijaguswa. Nawasilisha.

#2 Furu_wa_Zamani

Mkuu, kabla ya lolote, hakikisha hakuna anayeandika kwenye seva mbili kwa wakati mmoja. Mizani zirudishwe kwenye ya zamani, programu isiguse mpya mpaka hesabu zikubaliane. Siku ya kuhama kwenyewe ndipo utaifunga ya zamani isiandikwe:

`SET GLOBAL super_read_only = ON;`

Namba 1. `NO_AUTO_CREATE_USER` iliondolewa kabisa 8.0. Hata kama haipo kwenye faili lako la mipangilio, imejificha ndani ya triga (amri zinazojiendesha zenyewe rekodi ikiingia au kubadilika). MySQL huhifadhi `sql_mode` (kanuni za ukali wa seva) iliyokuwepo siku triga au rutini (amri zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata) ilipoundwa, na dampu huirudisha ileile. Iondoe kwenye dampu:

`sed -i 's/NO_AUTO_CREATE_USER,//g; s/,NO_AUTO_CREATE_USER//g' samaki.sql`

Ile `-f` ndiyo mbaya kuliko kosa lenyewe. Ukilazimisha, amri ya kuweka `sql_mode` inashindwa, halafu `CREATE TRIGGER` inayofuata inapita, lakini inazaliwa na hali iliyowekwa na kichwa cha dampu, yaani `NO_AUTO_VALUE_ON_ZERO` pekee. Triga iliyokuwa kali sasa imelegea: thamani isiyotosha kwenye safu inakatwa kimyakimya na triga inaendelea. Hutaona kosa popote. Kwa hiyo upakiaji huo wa `-f` utupe wote, tusiurekebishe.

Halafu dampu yako haina `--routines` wala `--events`. Triga hutoka zenyewe, rutini na matukio ya ratiba hayatoki mpaka uyaombe. Dampu mpya iwe hivi:

`mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --events --hex-blob --default-character-set=utf8mb4 --set-gtid-purged=OFF --databases samaki > samaki.sql`

`--default-character-set=utf8mb4` si pambo. mysqldump ya 5.7 kwa kawaida hutumia utf8 ya baiti tatu, hivyo emoji na herufi yoyote ya baiti nne inatoka ikiwa alama ya kuuliza. Na kama lipo jedwali la MyISAM (injini ya zamani ya kuhifadhi, badala ya InnoDB), `--single-transaction` hailindi hilo. Simamisha uandishi kwanza. Kuyajua:

`SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables WHERE table_schema='samaki' AND engine<>'InnoDB';`

#3 Dada_Nyegezi

Naongeza kwa wanaotoa dampu kwa kutumia klaienti ya 8.0 dhidi ya seva ya 5.7. Mtakutana na `Unknown table 'COLUMN_STATISTICS' in information_schema`. Wekeni `--column-statistics=0`. Na mtumiaji asiye na haki ya PROCESS atakataliwa hadi aweke `--no-tablespaces`. Yote mawili hayana madhara kwa data.

Namba 2 ni ya kawaida sana. 8.0 huunda watumiaji kwa `caching_sha2_password`, na mysqlnd (kiunganishi cha PHP na MySQL) iliijua kuanzia PHP 7.4. Njia safi ni kupandisha PHP. Kama haiwezekani wiki hii:

`CREATE USER 'mizani'@'192.168.1.%' IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY '...';`

Kwa kuwa ulidampu `samaki` pekee, watumiaji wa zamani hawakuja, na ndivyo inavyotakiwa. Usithubutu kupakia hifadhidata ya `mysql` ya 5.7 juu ya ile ya 8.0, majedwali yake ya mfumo si yaleyale. Toa `SHOW GRANTS` ya kila mtumiaji, andika upya. Kumbuka pia 8.0 haikubali tena `GRANT ... IDENTIFIED BY`, unaanza na `CREATE USER`, ndipo `GRANT`.

Mtumiaji akisahaulika, mwonekano (view) au triga iliyotengenezwa kwa jina lake italeta `ERROR 1449`, kwamba aliyetajwa kama DEFINER hayupo. Wengi hukutana nayo siku ya pili, pale ripoti ya mwezi inapofunguliwa.

#4 KasiYaZiwa

Mbona mnazunguka? Weka `sql_mode=''` kwenye mysqld.cnf ya seva mpya, washa upya, kila kitu kitapita. Kazi ya nusu saa.

#5 Furu_wa_Zamani

@KasiYaZiwa ndugu yangu, kati ya matatizo matano hapo juu, `sql_mode=''` ingetibu mangapi? Hakuna hata moja. La 1 linatokana na amri iliyo ndani ya dampu, la 2 ni la kuingia, na 3, 4, 5 ni ya herufi, saa na namba.

Tena kichwa cha dampu ya mysqldump tayari kinalegeza `sql_mode` wakati wa kupakia na kuzima ukaguzi wa funguo za kigeni. Ndiyo maana tarehe za `0000-00-00` zinaingia 8.0 bila kelele, zinakuja kulipuka baadaye ukifanya `ALTER TABLE`: `ERROR 1292 Incorrect datetime value`, au `1067 Invalid default value` kama sifuri hizo ndizo thamani ya msingi ya safu. Na malipo ya mvuvi asiyekuwepo kwenye `wavuvi` nayo yanaingia vilevile. Tafuta mapema, kwenye seva ya zamani:

`SET SESSION sql_mode='';`
`SELECT COUNT(*) FROM malipo WHERE tarehe_kulipwa='0000-00-00';`
`SELECT p.id FROM malipo p LEFT JOIN wavuvi w ON w.id=p.mvuvi_id WHERE w.id IS NULL;`

Hapo kulegeza kunaruhusiwa, kwa sesheni moja, kwa kazi ya kusafisha. Ruhusu safu iwe NULL, kisha `UPDATE malipo SET tarehe_kulipwa=NULL WHERE tarehe_kulipwa='0000-00-00'`. Ukiacha seva nzima ikiwa legevu, mizani ikituma "12,5" badala ya "12.5", kwenye safu ya kilo itakaa 12 na hakuna atakayejua.

#6 Jiwe_Bismarck

Naingia kwenye namba 3 na 5, kwa sababu mzizi ni mmoja.

Toa hii kwenye seva ya zamani:

`SHOW CREATE TABLE mapokezi\G`

Mwisho utaona `DEFAULT CHARSET=utf8mb4` bila neno COLLATE. 5.7 huacha kuandika kolesheni (kanuni za kulinganisha na kupanga herufi) ikiwa ni ile ya msingi ya seti hiyo ya herufi, na kwa 5.7 ya msingi ni `utf8mb4_general_ci`. Mstari huohuo ukisomwa na 8.0, ya msingi ni `utf8mb4_0900_ai_ci`. Kwa hiyo kolesheni imebadilika bila mtu yeyote kuibadilisha, na faili la dampu ukilisoma mstari kwa mstari hutaona kosa.

Majedwali yaliyozaliwa na Laravel (fremu ya PHP) huwa yameandikiwa wazi `utf8mb4_unicode_ci`, hivyo yanabaki yalivyo. Ukiunganisha safu ya 0900 na ya unicode ndipo 1267 inapotokea. Mkuu, nina hakika `malipo` au `bei` ni ya Laravel.

Sasa kilo. Kolesheni za 0900 ni za aina ya NO PAD, zile za zamani ni PAD SPACE. Thibitisha mwenyewe:

`SELECT collation_name, pad_attribute FROM information_schema.collations WHERE collation_name LIKE 'utf8mb4%';`

Kwa PAD SPACE, 'SG1' na 'SG1 ' yenye nafasi mwishoni ni kitu kimoja. Kwa NO PAD ni vitu viwili. Mizani nyingi za kidijitali hutuma mstari wa upana uleule kila mara, pengo likijazwa nafasi, na programu isiyosafisha inahifadhi nafasi hizo. Kwenye 5.7 `JOIN` ya `mapokezi.daraja` na `bei.daraja` ilikuwa inakubali. Kwenye 8.0 rekodi hizo hazipati mwenzake, zinadondoka kwenye ripoti, huku `COUNT(*)` ya jedwali ikibaki kamili. Angalia:

`SELECT daraja, HEX(daraja), COUNT(*), SUM(kilo) FROM mapokezi GROUP BY daraja, HEX(daraja);`

534731 ni SG1 safi. 53473120 ni SG1 yenye nafasi. Ukiona inayoishia 0D, hiyo ni alama ya mwisho wa mstari kutoka faili la Windows. Hiyo haikuwahi kukubali popote, maana yake kilo hizo zilikuwa zinapotea tangu 5.7.

Kusafisha, fanya kwenye ya zamani kabla ya dampu:

`UPDATE mapokezi SET daraja=TRIM(daraja) WHERE CHAR_LENGTH(daraja)<>CHAR_LENGTH(TRIM(daraja));`

Usiandike `WHERE daraja<>TRIM(daraja)`. Kwenye PAD SPACE hizo mbili ni sawa, utajibiwa rekodi 0 na utaondoka umeridhika. TRIM ya kawaida haiondoi 0D. Hiyo inataka `REPLACE(daraja, '\r', '')`. Na programu ipewe `trim()` pale inapopokea kutoka kwenye mizani, la sivyo kesho nafasi zinarudi.

#7 MzaniMwaloni

Jiwe, umegonga penyewe. `malipo` ni unicode_ci, `bei` na `mapokezi` hazina COLLATE. Na 53473120 zipo nyingi, zote za mizani ya Kamanga. Lakini hata nikizijumlisha, kilo za siku bado hazilingani. Za mwezi zinakaribia sana, za siku hapana. Na zile siku zilizozidi?

#8 Dada_Nyegezi

Mwezi unakaribia, siku hazilingani: hiyo ni saa. Andika kwenye seva zote mbili:

`SELECT @@global.time_zone, @@session.time_zone, NOW(), UTC_TIMESTAMP();`

Mashine mpya, hasa za kukodi, huja na saa ya UTC. Sisi tuko UTC+3 mwaka mzima. Safu ya TIMESTAMP huhifadhiwa kwa UTC na kuonyeshwa kwa saa ya sesheni, hivyo `DATE(muda)` ya kilo zilizopimwa saa nane usiku inasoma saa tano usiku ya jana. Mzigo wote uliopimwa kati ya saa sita na saa tisa usiku unahamia siku iliyotangulia. Kwa dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanza kushushwa kabla hakujakucha, huo si mzigo mdogo. Ndiyo maana siku moja inapungua na nyingine inazidi, wakati mwezi unaachana pale mwanzoni na mwishoni tu.

Data yenyewe haijaharibika. Kwenye mysqld.cnf, chini ya `[mysqld]`:

`default-time-zone = '+03:00'`

Ukipenda kuandika `Africa/Dar_es_Salaam`, pakia kwanza majedwali ya saa, vinginevyo jina hilo halitatambuliwa:

`mysql_tzinfo_to_sql /usr/share/zoneinfo | mysql -u root -p mysql`

Ila angalia aina ya safu kabla hujagusa kitu. DATETIME haina habari na saa ya seva, inashika kilichoandikwa. Kama kuna rekodi ziliingia kwenye seva mpya kwa `NOW()` ikiwa UTC, hizo peke yake ziko nyuma saa tatu kwelikweli, na zinahitaji `muda + INTERVAL 3 HOUR` kuanzia id ya kwanza ya baada ya kuhama. Zile ambazo muda unatoka PHP yenye `date.timezone` sahihi hazihitaji chochote. Ukiziongezea zote saa tatu kwa pamoja, umeharibu nusu iliyokuwa nzima.

#9 Jiwe_Bismarck

Na kabla hujakimbilia `ALTER TABLE ... CONVERT TO CHARACTER SET` ili kutibu 1267, simama kwanza kwa `wavuvi`. Toa `SHOW CREATE TABLE wavuvi` na hii:

`SELECT jina, HEX(jina) FROM wavuvi WHERE jina LIKE 'Ng%' LIMIT 20;`

Kanda hii majina ya Kisukuma yenye ng' yamejaa, na kialama chake huandikwa kwa njia mbili. Cha kibodi ya kawaida ni 27, baiti moja, hakiharibiki kamwe. Kilichopinda, ambacho Word na simu nyingi huweka zenyewe, ni E28099, baiti tatu. Hicho ndicho kinachogeuka â€™.

Kuna hali mbili, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Hali A: safu imetangazwa latin1, lakini HEX ni E28099. Programu ya zamani iliandika baiti za UTF-8 kupitia muunganisho wa latin1 na kuzisoma kwa njia hiyohiyo, ikaonekana sawa. Programu ikiunganishwa kwa utf8mb4, seva inazitafsiri baiti tatu kama herufi tatu. Dawa ni kupitia binary, ili seva isitafsiri:

`ALTER TABLE wavuvi MODIFY jina VARBINARY(150) NOT NULL;`
`ALTER TABLE wavuvi MODIFY jina VARCHAR(150) CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci NOT NULL;`

Rudia NOT NULL na DEFAULT zako zote, MODIFY husahau usichokiandika. Amri ya pili ikikataa kwa `Incorrect string value`, kuna majina machache yaliyoandikwa kwa latin1 ya kweli. Yatafute kwa namba ya mstari iliyotajwa, yarekebishe kwa mkono.

Hali B: safu tayari ni utf8mb4 na HEX ni C3A2E282ACE284A2. Hapo tafsiri imeshafanyika mara mbili:

`UPDATE wavuvi SET jina=CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282AC%';`

Ile WHERE usiiache. Bila hiyo, jina lililokuwa zima linaweza kuharibika.

`CONVERT TO` ikifanywa kwenye Hali A inakupeleka Hali B. Na jambo dogo: ikitoka latin1 inaweza kupanua TEXT kuwa MEDIUMTEXT, usishtuke.

Baada ya hapo ningeunganisha vialama viwe kimoja, `REPLACE(jina, '’', '''')`, maana hifadhidata inaona Ng'wandu na Ng’wandu ni watu wawili na karani atamsajili mara ya pili.

#10 MamboYaKirumba

Swali: kwa nini asibaki na general_ci kila mahali, aepuke vita?

#11 Jiwe_Bismarck

Inawezekana, na kwa siku ya kuhama ndiyo ninayoipendelea: badilisha toleo leo, kolesheni mwezi ujao. Lazimisha kwenye dampu:

`sed -i '/^) ENGINE=/{ /COLLATE=/! s/DEFAULT CHARSET=utf8mb4/& COLLATE=utf8mb4_general_ci/; }' samaki.sql`

Inagusa mistari ya kufunga jedwali tu, data haiguswi. Safu iliyotangaziwa utf8mb4 peke yake ndani ya jedwali la latin1 haitashikwa na sed hii, hizo utazitafuta mwenyewe. Weka pia `collation_server=utf8mb4_general_ci` kwenye mipangilio ili majedwali mapya yasizaliwe 0900.

Haitaondoa 1267 kati ya general na unicode kama ilikuwepo tangu zamani, lakini hiyo programu yako ilishaizoea au ilishaizunguka.

#12 Furu_wa_Zamani

Mkuu MzaniMwaloni, `malipo.kiasi` ni aina gani?

#13 MzaniMwaloni

`FLOAT`. Haina mabano.

#14 Furu_wa_Zamani

Nilihofia hivyo. MySQL huonyesha FLOAT kwa tarakimu sita zenye maana, na mysqldump huandika kile kinachoonyeshwa. Shilingi 1,234,567 inatoka kwenye dampu ikiwa 1234570. Malipo ya milioni na ushee kwa mzigo wa sangara ni jambo la kila siku, kwa hiyo kila dampu unayopakia inazungusha shilingi za watu. `FLOAT(12,2)` ingeandika desimali zake, ya kwako haina.

Kwenye seva ya zamani, kabla ya dampu, kwa hatua mbili:

`ALTER TABLE malipo MODIFY kiasi DOUBLE NOT NULL;`
`ALTER TABLE malipo MODIFY kiasi DECIMAL(14,2) NOT NULL;`

DOUBLE kwanza, ili ichukue thamani iliyohifadhiwa badala ya ile inayoonyeshwa. Namba nzima zaidi ya 16,777,216 FLOAT yenyewe haikuweza kuzishika zote kwa usahihi, hizo linganisha na stakabadhi. Na `kilo` nayo iangalie, ningeifanya DECIMAL(10,2).

#15 Dada_Nyegezi

Sasa kulinganisha. Usitumie `table_rows` ya information_schema, kwa InnoDB ni makadirio yanayoweza kukosea hata asilimia 40 hadi 50, na 8.0 inaitunza kumbukumbu hiyo kwa sekunde 86400 kabla ya kuihesabu upya. COUNT peke yake umeshaona haitoshi. Linganisha jumla, kupitia JOIN zilezile za ripoti. Faili `linganisha.sql`:

`SET time_zone='+03:00';`
`SELECT DATE(m.muda) siku, b.daraja, COUNT(*), SUM(m.kilo), SUM(m.kilo*b.bei) FROM mapokezi m JOIN bei b ON b.daraja=m.daraja GROUP BY siku, b.daraja ORDER BY siku, b.daraja;`

`mysql -N -h zamani samaki < linganisha.sql > a.txt`
`mysql -N -h mpya samaki < linganisha.sql > b.txt`
`diff a.txt b.txt`

ORDER BY iandikwe wazi. 5.7 ilikuwa inapanga matokeo ya GROUP BY yenyewe, 8.0 haipangi, na diff itakuletea kelele za bure. Hilo litagusa pia skrini za programu zilizotegemea mpangilio huo.

Tafuta vilevile majina yaliyogeuka maneno ya mfumo: `groups`, `rank`, `system`, `rows`, `function`, `window`. Safu yenye jina hilo isiyofungwa kwa alama za nyuma inaleta 1064 (kosa la sintaksia). MySQL Shell ina ukaguzi unaokutajia haya yote kabla ya kuhama, unauelekeza kwenye seva ya 5.7:

`mysqlsh root@localhost -- util check-for-server-upgrade`

#16 KasiYaZiwa

Sawa, nimesoma, nusu saa yangu naiondoa. Lakini upakiaji wenyewe wa GB 18 unachukua muda mrefu na diski inajaa haraka kuliko data. Kwa nini?

#17 Furu_wa_Zamani

8.0 huwasha binlogi (kumbukumbu ya kila badiliko) yenyewe na kuitunza siku 30. Kila unachopakia kinaandikwa mara mbili. Kama huna seva ya nakala inayoifuata, weka `skip-log-bin` wakati wa kupakia. `innodb_buffer_pool_size` ya msingi ni MB 128 tu. Kwa mashine ya RAM GB 16 inayofanya kazi hii peke yake, ipe GB 10. `innodb_flush_log_at_trx_commit=2` inaharakisha, irudishe 1 ukimaliza, umeme ukikatika ikiwa 2 unaweza kupoteza kama sekunde moja ya malipo. Futa pia `query_cache_size` na `query_cache_type` kama ulinakili faili la mipangilio la zamani. Ziliondolewa, na seva haitawaka zikiwepo.

Na kurudi nyuma hakupo: 8.0 haishuki kuwa 5.7. Seva ya zamani isifutwe mpaka malipo ya mwezi mzima yafungwe.

#18 MzaniMwaloni

Nimerudia yote kwa mpangilio huu: kusafisha ya zamani, dampu mpya, sed mbili, saa, kupakia bila `-f`. `diff` ni tupu. Ahsanteni sana wakuu.

Limebaki la Nansio. Mtandao wa kule hauvumilii faili kubwa, dampu itakuja kwa flashi kwenye meli. Kuna la kuangalia? Na kwa kuwa mwisho wa msaada wa 8.0 ni Aprili 2026, hiyo seva niipeleke moja kwa moja 8.4?

#19 Dada_Nyegezi

Ukipandisha juu ya data ileile, 5.7 kwenda 8.4 moja kwa moja hairuhusiwi, lazima upitie 8.0. Kwa dampu unaweza kupakia 8.4, ila huko `mysql_native_password` imezimwa na `default_authentication_plugin` ikiwepo kwenye mipangilio seva haiwaki. Funguo za kigeni pia zinadai safu inayorejelewa iwe na UNIQUE. PHP yako ya 7.2 haitaingia, ianze yenyewe.

Flashi nyingi ni FAT32, faili haliwezi kufika GB 4. Kata vipande, na usiamini kwamba dampu imekamilika kwa sababu tu faili lipo: mysqldump ikifa katikati ya bomba (`|`), gzip inafunga faili vizuri kabisa.

`set -o pipefail`
`mysqldump [vigezo vya #2] | gzip > nansio.sql.gz && zcat nansio.sql.gz | tail -n 1`

Lazima uone `-- Dump completed on`. Kisha:

`split -b 3900M nansio.sql.gz nansio.part_`
`sha256sum nansio.part_* > nansio.sha`

Tuma `nansio.sha` kwa simu, ni faili dogo. Flashi ikifika Mwanza, nakili vipande kwenye diski ya seva, `sha256sum -c nansio.sha`, vyote vikisema OK ndipo `cat nansio.part_* | zcat | mysql -u root -p`. Kikikataa kimoja, nakala ya pili iwe kwenye flashi nyingine mfukoni mwa aliyepanda meli, si kule Nansio.